Nzi wa Msimu wa Mvua

Uingereza watu hufunga nzi bandia wa kuvulia trauti wakati wa baridi, mito ikiwa imefungwa kwa wavuvi. Huku kwetu Kapsoya, mtaa wa Eldoret, kinachomfungia mvuvi nyumbani ni mvua. Kuanzia Aprili hadi karibu Septemba mito inayoshuka kutoka milima ya Cherangani hugeuka tope, na trauti huwinda kwa macho; maji ya matope hayamwonyeshi kitu. Basi mimi hukaa dirishani na jiliwa, kibano na uzi. Kwa aliyezeeka akitengeneza saa mjini Eldoret, hiyo si kazi ngeni.

Ufundi huu ni mkongwe. Aelian, mwandishi wa Roma ya kale, alisimulia kuhusu Wamakedonia waliovua kwa ndoana iliyofungwa sufu nyekundu na manyoya ya jogoo. Kwetu ulikuja pamoja na samaki mwenyewe. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyesafiri toka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na vifaranga wakatiwa katika mto Gura, Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua wakafuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1948 kikajengwa kituo cha kuangulia vifaranga Kiganjo, karibu na Nyeri. Huo ulikuwa mchezo wa walowezi. Mwenyeji alibeba kikapu.

Hadithi za uvuvi huu hupenda kuishia hapo, kwenye vilabu na picha za wazee wenye kofia. Mimi nabisha. Waliouweka ufundi hai Kenya ni mafundi wa karakana za Nairobi, wanawake kwa wanaume, wanaofunga nzi kwa ujira na kuwapeleka Ulaya na Marekani kwa dazeni. Mvuvi wa Scotland anayefungua kisanduku chake leo huenda anashika kazi ya vidole vya Mkenya. Kule kule yalikotoka mayai ya Grogan, hebu fikiria!

Nami nifungapo wangu, manyoya hayanisumbui kuyapata. Huwaomba wauza kuku sokoni waniwekee shingo za majogoo wa kienyeji kabla hawajazitupa. Jogoo mzee ana manyoya magumu yanayosimama yakizungushwa kwenye ndoana. Ya kuku wa broila hulowa na kulala papo hapo. Nimpendaye ni nzi aitwaye Kenya Bug, mweusi, asiye na mapambo mengi. Wenzangu hupenda nzi wa rangi nyingi, lakini naona hao huvua wavuvi madukani zaidi kuliko samaki mitoni.

Kufunga nzi, unaanza nyuma ya tundu la ndoana, unateremsha uzi, unafunga mkia, unarudi na kiwiliwili, kisha unazungusha unyoya mara chache na kukaza fundo. Ukitia manyoya mengi, nzi huelea usipotaka. Mwishoni linawekwa tone la rangi ya kucha ili uzi usifumuke. Mama watoto huuliza mbona rangi yake huisha upesi hivyo. Humjibu kwamba mwaka huu mvua imezidi.