Rudufu na Pacha: Funzo la Kamusi za Mwaka 1939

Programu za kutunzia marejeo, kama Zotero iliyotolewa mwaka 2006, hulinganisha jina la kitabu, mwandishi na mwaka. Zikiona mfanano, humshauri mtumiaji aunganishe kumbukumbu mbili ziwe moja. Ushauri huo hufaa mara nyingi. Lakini historia ya kamusi zetu yatutahadharisha.

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, iliijenga kazi yake juu ya kamusi mbili za A. C. Madan, za mwaka 1894 na 1903. Kazi hiyo iliongozwa na Frederick Johnson, aliyefariki mwaka 1937. Mwaka 1939 Oxford University Press ilichapisha A Standard Swahili-English Dictionary pamoja na A Standard English-Swahili Dictionary. Mhariri ni mmoja, mwaka ni mmoja, mchapishaji ni mmoja. Hata maneno ya majina yake ni yale yale, ila mpangilio umegeuzwa. Programu isiyojali mpangilio wa maneno itaziona kuwa kitabu kimoja. Wala namba ya kimataifa ya vitabu, ambayo ingezitenga, haikuwapo wakati huo.

Kadhalika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na toleo lake la mwaka 2004 zina jina moja, lakini mfasiri anayenukuu fasili hana budi kujua ameitoa katika lipi.

Programu nyingine huchukulia tofauti ya herufi moja kuwa kosa la chapa. Basi Kichiwa, kata ya mkoani Njombe, itadhaniwa kuwa kichwa.

Madhara ya makosa hayalingani. Rudufu ikiachwa, orodha huongezeka mstari mmoja tu. Kumbukumbu ya kitabu cha pili ikifutwa, msomaji hatajua kwamba kitabu hicho kipo. Na mwalimu wa Kichiwa, aliye mbali na maktaba kubwa, hana rafu ya kuhakikishia.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi mbili. Rudufu iwe kumbukumbu ya kitu kile kile iliyoandikwa mara ya pili. Hiyo na iunganishwe. Pacha ziwe kumbukumbu za vitu viwili vinavyofanana. Hizo zisiguswe kabla ya kukagua toleo, juzuu na lugha. Mapacha hufanana sura, lakini kila mmoja huitwa kwa jina lake.