Mabao 7 ya Emile Heskey

Usiku wa tarehe 12 Juni 2010 tulikuwa tumebanana ndani ya banda umiza, tukisubiri England na Marekani waanze mechi yao mjini Rustenburg. Kombe la Dunia lilikuwa limekuja Afrika kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyekubali kukosa hata mechi moja. Dakika ya 4 mpira ukamfikia Emile Heskey. Mabeki wakamfuata, naye akausogeza taratibu kwa Steven Gerrard aliyekuwa akipita mbio katikati yao. Gerrard akafunga. Banda zima likalipuka kwa jina la Gerrard.

Kipindi cha pili Heskey alipenyezewa pasi, akabaki yeye na kipa Tim Howard. Akapiga shuti kali, likamwendea kipa moja kwa moja. Tukaangua kicheko. Mtu mmoja nyuma akasema huyu hata umpe lango tupu atatafuta nguzo. Mechi ikaisha 1-1, na njiani kurudi nyumbani tulijadili makosa mawili: la kipa Robert Green aliyeachia mpira ukampita, na lile la Heskey. Pasi ya dakika ya 4 haikutajwa na yeyote, mimi nikiwemo.

Kwenye karatasi, kicheko chetu kilikuwa na haki. Heskey aliichezea England tangu 1999 hadi 2010, mechi 62, akafunga mabao 7. Kwa mtu anayevaa jezi ya ushambuliaji, hiyo ni hesabu ya aibu. Lakini makocha waliendelea kumwita, mmoja baada ya mwingine, na mashabiki waliomcheka ndio hao hao waliompenda. Imenichukua miaka kuelewa kwa nini.

Tuanzie Leicester, mji aliozaliwa mwaka 1978 katika familia yenye asili ya Antigua. Aliingia kikosi cha kwanza cha Leicester City mwaka 1995 akiwa bado kijana mdogo, mwenye mwili wa mwanamasumbwi na mbio ambazo hukuzitarajia kwa mwili ule. Mashabiki wakamwita Bruno, kwa jina la bondia Frank Bruno. Mwaka 1997, kwenye fainali ya Kombe la Ligi uwanjani Wembley, Leicester walikuwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Middlesbrough na muda wa nyongeza ulikuwa ukingoni. Heskey akasawazisha. Mechi ya marudiano Leicester wakashinda 1-0 na kubeba kombe.

Mcheza kwao hutunzwa, na huyu naye aliwatunza wa kwao. Mwaka 2002 Leicester City ilizama kwenye madeni hadi ikawekwa chini ya wasimamizi. Gary Lineker, mtoto mwingine wa mji ule, aliongoza kundi la watu waliochanga fedha kuiokoa. Heskey, ambaye wakati huo alikuwa Liverpool, alikuwa miongoni mwa waliochanga. Ukitaka kujua kwa nini jina lake bado linaheshimiwa pale, usiangalie mabao peke yake.

Liverpool walikuwa wamemnunua Machi 2000 kwa pauni milioni 11, bei ambayo klabu hiyo haikuwa imewahi kulipa kwa mchezaji yeyote. Msimu wake wa kwanza kamili, 2000/01, alifunga mabao 22 katika mashindano yote, na Liverpool wakabeba makombe matatu: Kombe la Ligi, Kombe la FA na Kombe la UEFA. Kwa hiyo si kweli kwamba mtu huyu hakujua kucheka na nyavu. Ila kazi aliyopewa ilikuwa nyingine. Mpira mrefu ukipigwa kutoka nyuma, yeye ndiye aliyeruka nao, mabeki wawili wakiwa mgongoni. Akiutuliza kifuani au akiuangusha kwa kichwa, Michael Owen anakuwa tayari amechomoka kwenye nafasi waliyoiacha mabeki hao. Siku iliyofuata gazeti liliandika jina la mfungaji.

Ndipo tunafika Munich, tarehe 1 Septemba 2001. Ujerumani walikuwa wamepoteza mechi moja tu ya kufuzu Kombe la Dunia katika historia yao yote. Usiku ule England waliwafunga 5-1 nyumbani kwao. Owen alifunga matatu, na la pili kati ya hayo lilitokana na kichwa cha Heskey kilichomwangushia mpira miguuni. Dakika ya 74 Heskey akafunga mwenyewe, la 5. Mashabiki wakatunga wimbo wa kujitapa, na kilele cha wimbo huo hakikuwa Owen wala idadi ya mabao. Kilikuwa mshangao kwamba hata Heskey naye kafunga.

Nimelitafakari sana hilo “hata”. Ni kijembe, hakuna ubishi. Linasema siku hiyo kila kitu kiliwezekana. Lakini utani wa namna hiyo hauwatanii wageni. Humtania mtu wa nyumbani, yule ndugu anayefika wa kwanza msibani kupanga viti na kubeba maji, ambaye siku akisimama kutoa hotuba ukumbi wote hushangilia.

Sitaki kulipamba jambo hili kupita kiasi. Straika hulipwa afunge, na Heskey alikosa nafasi ambazo wengine wangefunga. Kicheko pia kina gharama yake, nayo hulipwa na anayechekwa. Oktoba 2002 mjini Bratislava, yeye na Ashley Cole walipigiwa kelele za nyani na mashabiki wa Slovakia. Kwenye Euro 2004, mjini Lisbon, aliingia akitokea benchi dhidi ya Ufaransa, akacheza rafu dakika za mwisho, na Zinedine Zidane akasawazisha kwa mpira huo wa adhabu. Ufaransa wakashinda 2-1. Baada ya mashindano hayo alikaa zaidi ya miaka 3 bila kuitwa.

Aliporudi, Septemba 2007, England walishinda 3-0 mara mbili ndani ya siku chache, dhidi ya Israel na kisha Urusi. Owen alifunga mawili dhidi ya Urusi, moja likitokana na mpira ulioangushwa kwa kichwa na Heskey. Safari hii watu walianza kuona. Walikuwa wameshuhudia timu isiyo na mtu wa kuifanya kazi ile.

Miaka ya mwisho mabao yalizidi kuadimika. Katika misimu yake ya Aston Villa mabao ya ligi hayakufika 10. Bado alizunguka hadi Australia, kwenye klabu ya Newcastle Jets, kisha akamalizia Bolton mwaka 2016. Alipotundika daluga, hesabu yake ya Ligi Kuu ya England ilisomeka mechi 516 na mabao 110. Wachezaji waliofikisha 100 kwenye ligi ile ni wachache. Mwaka 2019 alitoa kitabu cha maisha yake akakiita Even Heskey Scored. Utani waliomtungia akauandika kwenye jalada, chini yake jina lake.

Juzi niliitazama tena mechi ya Rustenburg mtandaoni. Video nyingi za bao lile huanza Gerrard akiwa tayari na mpira mguuni. Nililazimika kuirudisha nyuma sekunde mbili.