Ufagio wa Nyasi na Njia ya Misafara

Wasikilizaji wetu, habari za Unyanyembe zikisimuliwa, watu hutaja pembe za ndovu, bunduki na vita vya watemi. Leo twapenda kueleza habari za kitu kidogo, nacho ni ufagio wa nyasi.

Katika karne ya 19 njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Tabora, karibu na Itetemia yetu. Burton na Speke walifika mwaka 1857. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872. Mpagazi alichukua mzigo wa kilo 30 hivi, wa nguo, ushanga au nyuzi za shaba. Kule pwani watu hufagia kwa chelewa za mnazi. Lakini ni nani angetoa ujira wa safari ya miezi mitatu ili aletewe chelewa katika nchi yenye nyasi tele? Basi Unyamwezi ikapokea nguo, miembe na lugha ya pwani, bali nyumba zake zikaendelea kufagiliwa kwa nyasi za mbuga zake.

Tena yatupasa kuangalia majira. Mvua zikiisha, yapata Mei, nyasi ndefu zenye masuke membamba hukauka. Wakati huo ndipo wapagazi wengi wa Kinyamwezi, wakiisha kuvuna, walipofunga safari ya pwani, ili wawahi kurudi kulima mvua za Novemba zinapoanza. Kwa hiyo nyasi zilikomaa wakati wanaume wengi hawako, na kazi za nyumbani zikabaki kwa waliosalia, hasa wanawake. Wasafiri waliandika sana juu ya mizigo iliyokwenda. Ufagio watukumbusha wale waliobaki kutunza mji.

Kuutengeneza si kazi kubwa. Nyasi hukatwa, hupigwapigwa mpaka mbegu zidondoke, hulinganishwa, kisha hufungwa upande wa mashina kwa kamba ya magome ya miti. Masuke ndiyo yafagiayo, mashina ndiyo mpini.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi ikafifia. Ufagio haukufifia, na hata leo, ijapokuwa fagio za plastiki zauzwa madukani, mwanafunzi huweza kupeleka shuleni ufagio wa nyasi bila kutoa senti.

Lakini nyasi hizo zina adui wawili. Wa kwanza ni moto wa kiangazi, uteketezao mbuga kabla watu hawajakata. Wa pili ni mkono wa mwenye haraka, ang'oaye shina pamoja na mizizi. Shina lililokatwa huchipua tena mvua zikija, lililong'olewa halirudi. Basi tukate kwa mundu, tuache mizizi, tukung'ute mbegu pale pale mbugani, wala tusiwashe moto ovyo. Urithi huu haukuletwa na msafara wowote. Tukiupoteza, hakuna msafara utakaoturudishia.