Jina Lililokatwa: Mbulu, Karatu na Wabunge Wao

Tarehe 30 Agosti 1960 TANU ilishinda Tanganyika nzima isipokuwa Mbulu. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa na viti 71 vya kuchaguliwa. Kati ya hivyo, 58 havikufika hata kwenye masanduku, kwa sababu mgombea wa TANU alikosa mpinzani. Viti 13 vikagombewa, TANU ikachukua 12. Kilichobaki alikichukua Herman Sarwatt, mgombea binafsi, aliyemwangusha Chifu Amri Dodo, mgombea rasmi wa chama.

Vitabu vingi vya historia hupita juu ya habari hii kwa sentensi moja, kama kituko cha wilaya ya mbali. Mimi nilizaliwa huko milimani, upande wa Kainam, nikasomesha shule za msingi za Mbulu na Karatu mpaka nilipostaafu, na naiona tofauti. Kwangu hiyo ndiyo sura ya kwanza ya kisa kilichojirudia kwetu kwa zaidi ya nusu karne: wenyeji wana mtu wao, chama kinaleta wa kwake, wenyeji wanatafuta mlango wa kupitia. Kilichobadilika kila mara ni mlango.

Baba yangu alipiga kura mwaka ule. Haikuwa haki ya kila mtu. Ilikupasa uwe na kipato fulani au madaraka fulani, au ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Baba alikuwa amefundishwa kusoma na wamisheni, na hilo lilimtosha. Tulipokuwa wakubwa tulimuuliza imekuwaje wakaipinga TANU wakati nchi nzima inaimba Uhuru. Alikereka. “Nani aliipinga TANU? Tulikataa kuletewa mtu.” Na kweli, Sarwatt mwenyewe alikuwa mtu wa TANU, na bungeni alikaa na wenzake wa TANU bila shida yoyote. Ugomvi ulikuwa juu ya nani mwenye kauli ya mwisho: mkutano wa Mbulu au ofisi ya Dar es Salaam.

Nyerere hakulipuuza swali hilo. Alijua kwamba nchi ambayo viti 58 kati ya 71 vinapita bila kupingwa inakuwa na wabunge wasiochaguliwa na mtu yeyote. Tume ya Rais iliyoundwa mwaka 1964 chini ya Rashidi Kawawa ikaja na jawabu, na jawabu hilo likaingia katika katiba ya muda ya 1965. Chama kitakuwa kimoja, lakini kila jimbo litaletewa wagombea wawili wa chama hicho hicho. Wanaotaka ubunge wanapigiwa kura na mkutano wa TANU wa wilaya, majina yanapelekwa Halmashauri Kuu ya Taifa, nayo inarudisha mawili. Mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine nyumba.

Nilikuwa mtoto wa shule nilipoona kampeni za namna hiyo. Wagombea walifika pamoja, kwa gari moja la chama, wakiwa wamebanana kama ndugu wanaokwenda msibani. Walisimama jukwaa moja, mmoja baada ya mwingine, na viongozi wa wilaya wakiwasikiliza wasije wakachomekea neno la ukabila au la dini. Lugha ilikuwa Kiswahili tu. Bibi yangu alijua Kiiraqw, na Kiswahili chake kiliishia kwenye bei ya chumvi. Alikaa mpaka mwisho wa mkutano, kisha akaniuliza wa jembe ni yupi na ni mtoto wa nani. Nilipomjibu akasema basi amekwisha kuelewa, twende nyumbani.

Watu hudhani chaguzi za chama kimoja zilikuwa maigizo. Kwa kiti cha urais, sawa, kulikuwa na jina moja na jibu la ndiyo au hapana. Ubunge ulikuwa mambo mengine. Mwaka 1965 Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyeujenga ushirika wa pamba Usukuma, aliangushwa Mwanza. Wabunge wengi wakongwe walikwenda na maji mwaka huo na miaka iliyofuata. Ubaya wake ulikuwa mahali pamoja: Halmashauri Kuu iliweza kumruka aliyeongoza wilayani na kumpitisha wa tatu au wa nne. Mkulima alichagua, lakini kutoka kwenye sahani aliyokwisha kuandaliwa.

Wakati huo wilaya nayo ilikuwa inakatwa vipande. Mbulu ya mkoloni ilikuwa kubwa, ikikusanya nchi za Wairaqw, Wagorowa, Wabarbaig na Wahadzabe. Hanang ikatoka, kisha Babati ikatoka Hanang. Karatu ikawa jimbo, na baadaye wilaya kamili. Huko ndiko familia nyingi za Kiiraqw zilikokuwa zimehamia kutoka milimani zikitafuta ardhi: Rhotia, Mbulumbulu, Endabash, mpaka kwenye vitunguu vya Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2002 ulipozaliwa Mkoa wa Manyara, Mbulu ilikwenda Manyara na Karatu ikabaki Arusha. Ukoo mmoja, mikoa miwili. Mimi mwenyewe nina kaka upande mmoja na shamba upande wa pili.

Sura ya pili ilifunguliwa Karatu mwaka 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka thelathini. Willibrod Slaa, aliyekuwa padri na katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, aliomba ubunge kwa tiketi ya CCM, chama kilichoirithi TANU. Kura za maoni zilimpa ushindi, vikao vya juu vikakata jina lake. Kama ingekuwa 1960, angejaza fomu kama mgombea binafsi. Sheria mpya haikuruhusu. Akahamia Chadema, chama ambacho vijijini kwetu watu walikuwa hawajakisikia vizuri, akashinda.

Nilikuwa msimamizi msaidizi katika kituo kimoja, darasa la tatu, madawati yamesukumwa ukutani. Asubuhi wazee waliingia wakauliza bila kificho: “Wa kwetu yuko wapi hapa?” Ilibidi niwaeleze kwa upole kwamba mimi siruhusiwi kuwaonyesha. Usiku tulihesabu kwa taa ya karabai. Kila karatasi iliinuliwa juu mawakala waione, ikawekwa kwenye fungu lake, na mawakala wote wakatia sahihi fomu. Wakala wa CCM alikuwa mzee ninayemheshimu. Fungu la Slaa lilipozidi kukua alivua kofia, akajikuna kichwa, akasema: “Si tuliwaambia wasimkate?” Hakuna aliyemjibu, maana wote mle ndani tulikuwa na kadi moja miaka mitatu tu iliyopita.

Nchi nzima Chadema ilipata majimbo matatu mwaka huo, na Karatu lilikuwa mojawapo. Slaa alirudi bungeni 2000 na 2005. Mwaka 2007, pale Mwembe Yanga, Temeke, alisoma orodha ya majina ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi, na mbunge wa vitunguu na kahawa akawa jina la kitaifa. Mwaka 2010 aligombea urais akapata zaidi ya robo ya kura.

Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo baba hakulishuhudia. Slaa alikwisha ondoka, lakini Karatu ikampa ubunge Mchungaji Israel Natse wa Chadema, na 2015 ikampa Willy Qambalo, wa Chadema pia. Hasira ya jina moja lililokatwa ilikuwa imegeuka mazoea ya chama, chenye matawi, madiwani na vijana waliozaliwa ndani yake. Upande wa Mbulu, mwaka huo wa 2010, Philip Marmo, mbunge wa miaka mingi na waziri, aliangushwa na Mustapha Akunaay wa Chadema. Huko chama tawala hakikukaa bila kiti muda mrefu: 2015 CCM ilichukua Mbulu Mjini na Mbulu Vijijini, na 2020, Chadema ilipobaki na jimbo moja nchi nzima, Karatu nayo ikarudi CCM.

Naamini kisa hiki kimewafunza hata wabunge wa CCM. Mei 2022 Flatei Massay wa Mbulu Vijijini alipiga sarakasi katikati ya ukumbi wa Bunge akidai barabara ya lami ya kwenda Haydom. Wengine walicheka, wengine wakasema amelidhalilisha Bunge. Mimi nilimwelewa. Anajua anatoka wapi, na anajua huko watu huuliza umetufanyia nini kabla hawajakuuliza uko chama gani.

Sasa turudi kwenye mlango. Mchungaji Christopher Mtikila alidai haki ya mgombea binafsi mahakamani tangu miaka ya tisini. Mahakama Kuu ilimkubalia zaidi ya mara moja. Bunge likabadili katiba kuuziba mlango huo, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, saa chache kwa basi kutoka Karatu, iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki za raia. Rasimu ya katiba mpya ya Jaji Warioba mwaka huo huo ilimkubali mgombea binafsi. Katiba hiyo mpya haijapatikana hadi leo. Na Oktoba 2025 Chadema, mlango alioutumia Slaa, haikuwamo kwenye karatasi ya kura, baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi.

Kwa hiyo alichofanya Sarwatt mwaka 1960, chini ya gavana Mwingereza, kwa kura za watu wachache waliotimiza masharti, mwananchi wa Mbulu leo hawezi kukifanya, ingawa kila mwenye miaka 18 ana haki ya kura. Wanaokata majina hufikiri wanakilinda chama. Kumbukumbu za majimbo yetu haya mawili zinaonyesha kwamba mtu aliyekatwa hakosi kura. Hukosa pa kuzipokelea tu. Mpeni mahali hapo, kwa sheria, na hamtahitaji kuogopa mikutano ya milimani.