Simba wa Tsavo Wana Filamu, Miguu Je?

Uliza msee yeyote kuhusu ujenzi wa reli ya Mombasa hadi Kisumu, atakuambia simba wa Tsavo. Ni kweli, 1898 simba wawili walikula watu, na Hollywood ikatoa filamu. Lakini hebu tuangalie hesabu.

Kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta karibu wafanyakazi 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa. Wengine zaidi ya 6,400 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa ama wameumia, kazi imewashinda. Patterson aliyewaua hao simba alidai walikula watu 135. Hata tukimwamini, simba hawakaribii hapo.

Kilichomaliza watu ni vitu visivyo na stori tamu: malaria, kuhara damu, vidonda vya miguu, funza. Na miguu ndiyo ilikuwa mtaji wa hawa watu. Unabeba reli na mataruma ya chuma, unakanyaga mawe siku nzima, mkwaruzo mdogo unageuka kidonda kisichopona.

Kuna jeraha lingine halitoi hata damu. Upande wa ndani wa kifundo cha mguu kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba sana. Tembea juu ya balasti miaka na miaka, kifundo kikiteguka kila mara, hapo panaweza kuvimba na kuubana. Unyayo unawaka moto, vidole vinakufa ganzi. Ukilalamika, bosi anauliza: uliumia lini? Huna tarehe.

Swali hilo la tarehe lilisumbua wafanyakazi wa reli Marekani pia. Sheria ya 1908 iliwaruhusu kushtaki kampuni ya reli ikiwa uzembe wake umewaumiza. Sasa, je, jeraha linalokuja polepole? Jibu lilitoka 1949. Tom Urie alikuwa amefanya kazi kwenye injini za mvuke karibu miaka 30, akavuta vumbi la mchanga hadi mapafu yakaharibika. Mahakama ya Juu ilikataa kumnyima haki eti kwa sababu hana siku moja ya kuonyesha kwamba ndiyo aliumia. Kwa msingi huo huo, wengine baadaye walidai fidia ya migongo, mikono na miguu iliyoharibika pole pole.

Kwetu tuna sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, na inagusa hata magonjwa yanayoletwa na kazi. Shida ni kwamba wengi wetu tunangoja ajali ndiyo tuseme tumeumia. Maumivu ya kila siku tunayaita uchovu, tunameza dawa, kesho tunarudi.

Kwa hivyo kama unashinda umesimama, unabeba mizigo ama unatembea kwa mawe, na unyayo umeanza ganzi, usinyamaze. Mwambie daktari ni kazi gani unafanya, aandike. Mwambie mwajiri kwa maandishi, ubaki na nakala. Na kama mzee wako alifanya kazi ya miguu, leo jioni muulize inaendeleaje. Huenda hakuna mtu amewahi kumuuliza.