Kind of Blue (santuri)

Kind of Blue ni santuri ya jazi ya mpiga tarumbeta Mmarekani Miles Davis (1926–1991), iliyotolewa na kampuni ya Columbia tarehe 17 Agosti 1959. Ina nyimbo tano, tatu upande wa kwanza na mbili upande wa pili, na zote pamoja huchukua kama dakika 45. Wapenzi wa jazi wanapopanga santuri bora, hii hutajwa mapema, na wapenzi wa roki nao huitaja. Kinachosahaulika mara nyingi ni kuulizana kila mmoja anasikiliza chapa ipi.

Ilirekodiwa New York kwa siku mbili tu, 2 Machi na 22 Aprili 1959, katika studio ya Columbia ya Mtaa wa 30, jengo lililokuwa kanisa. Davis alikuwa na John Coltrane na Julian "Cannonball" Adderley kwenye saksafoni, Paul Chambers kwenye besi, Jimmy Cobb kwenye drams na Bill Evans kwenye piano. Wynton Kelly alishika piano katika "Freddie Freeloader" pekee.

Jazi ya miaka hiyo ilikuwa imesheheni kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazobadilika haraka, na mpigaji alizikimbiza kama anayewahi basi. Davis aliziondoa nyingi. "So What" inakaa kwenye skeli moja kwa vipimo 16, inapanda nusu toni kwa vipimo 8, kisha inarudi ilikotoka kwa vipimo 8 vya mwisho. Mpigaji akiachiwa nafasi pana kiasi hicho hana pa kujificha. Inambidi atunge melodia hapo hapo. Ndiyo maana Davis anapiga noti chache, na kila moja inabeba uzito. Katika tawasifu yake ya 1989 alisema alikuwa akiitafuta sauti ya kinanda cha vidole, ndugu wa malimba, aliyoisikia kwa kikundi cha ngoma kutoka Guinea.

Upande wa kwanza una kasoro ambayo kila mkusanyaji anapaswa kuijua. Siku ya kwanza, mashine iliyonasa utepe mkuu ilizunguka polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Utepe huo ulipochezwa kwa mwendo wa kawaida, muziki ulitoka kwa kasi iliyozidi na sauti ikapanda karibu robo toni. Santuri zilichapwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1992 ulitumiwa utepe wa mashine ya akiba, iliyokuwa ikizunguka sawasawa siku ile ile, na matoleo mengi ya baadaye yakafuata mwendo huo. Mtu aliyejaribu kupiga gitaa akifuatisha nakala ya zamani anakumbuka jinsi nyuzi zilivyokataa kuoana na sahani.

Nakala za mwanzo hutambulika kwa lebo ya Columbia yenye alama sita za jicho na kwa namba zilizochorwa penye uwazi kando ya lebo. Baadhi zimetaja "Flamenco Sketches" kabla ya "All Blues", ilhali sindano hukuta kinyume chake. Nakala hizo zina thamani ya kihistoria, lakini anayetaka kusikia kilichopigwa studioni achukue chapa iliyorekebishwa.

Katika orodha ya albamu 500 ya jarida la Rolling Stone, Kind of Blue ilishika nafasi ya 12 mwaka 2003 na ya 31 mwaka 2020. Kwa upande wa roki, Richard Wright wa Pink Floyd alieleza kwamba kodi moja ya "Breathe", wimbo wa mwaka 1973, aliipata humu. Wengi huipima santuri hii kwa "So What". Uzuri wake mkubwa zaidi uko upande wa pili, katika "Flamenco Sketches", ambako kila mpigaji hukaa kwenye skeli moja kwa muda anaoutaka mwenyewe kabla ya kuhamia nyingine, na Coltrane, aliyezoeleka kwa kumimina noti, anapiga kwa upole usio na haraka yoyote.