Benchi la Black Sabbath na Wimbo "Paranoid"

Broad Street, Birmingham, Uingereza

Nyuso nne zilizo kwenye benchi hili la chuma ni za Ozzy Osbourne, Tony Iommi, Geezer Butler na Bill Ward, vijana wa mtaa wa Aston waliounda bendi ya Black Sabbath. Liliwekwa hapa, juu ya daraja la mfereji, mwaka 2019.

Mtazame Iommi. Akiwa na miaka 17, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ndio anaobania nyuzi, maana hupiga gitaa kwa kushoto. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akafinyanga kastabani mbili, akazivika ngozi. Baadaye alilegeza nyuzi zisimuumize. Uzito wa muziki wa metali umetoka kwenye vidole hivyo.

"Paranoid" ulitungwa chapuchapu mwaka 1970 kujaza nafasi iliyobaki kwenye albamu. Hata dakika tatu haufiki. Maneno ni ya Butler: mtu amezongwa na huzuni asiyoweza kuieleza. Ulipanda hadi namba 4 Uingereza, na albamu nzima ikapewa jina lake.

Tarehe 5 Julai 2025, uwanjani Villa Park, Aston, huo ndio uliokuwa wimbo wao wa mwisho jukwaani. Ozzy alifariki Julai 22. Msafara wa mazishi yake ulisimama hapa, maua yakiwa yamelizunguka benchi.